Mwaka wa Magazijuto

Habari za kufariki kwa Mwalimu Mlekwa zilinikuta mahali ambapo habari zote hunikuta, yaani nyumbani, uani, kwenye kiti changu cha kamba, namenya karanga za mbegu. Mke wangu ndiye aliyepokea simu. Yeye ni mtu wa Goweko, hazunguki na maneno; akaja akasimama mbele yangu akasema mwalimu wako wa hesabu hatunaye, mazishi ni kesho Itetemia, na safari hii utatoka humu ndani upende usipende. Nikaendelea kumenya, kwa sababu mikono ikishazoea kazi haisikii habari haraka kama masikio. Kisha nikajikuta nayatia maganda kwenye ungo na karanga nazitupa chini kwa kuku. Kuku hawakulalamika. Nikacheka peke yangu huku macho yakiniwasha, maana nilisikia kabisa sauti yake, ile ya puani kidogo, ikiniambia, "Alama, kijana. Umegeuza alama."

Ya ukoo na kuzaliwa kwangu nayaruka, wenye hamu nayo wakaulize kwingine. Ninaoutaka mimi ni mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwa Shangazi Kalunde, mtaa wa Ng'ambo pale Tabora mjini, baada ya kumaliza kidato cha nne na kupata F ya hesabu. Chumba changu kilitengwa na sebule kwa pazia la maua ya njano, na pazia, kama ajuavyo kila aliyelelewa nyuma ya pazia, huzuia macho tu. Jumapili moja mchana, baada ya ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga, nilikuwa nimejilaza katika usingizi ule wa shibe ambao mtu husikia dunia kama iko chini ya maji. Mume wa shangazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Stesheni kwa kuwa alikuwa reli tangu ujana wake, alikuwa akimweleza mkewe kwamba nafasi ya karani wa tiketi ipo, na mkuu wake amekubali kuniwekea mpaka matokeo ya mtihani wa marudio yatoke, ila cheti lazima kionyeshe nimefaulu hesabu. Shangazi akauliza je, asipofaulu. Baba Stesheni akasema asipofaulu atapanda treni aende Dar es Salaam kwa baba yake mdogo, akashike mitumba. Kisha nikamsikia shangazi anacheka kicheko cha tumboni, anasema, "Huyu? Huyu akifika Malolo tu anauliza njia ya kurudi."

Alisema kweli. Nilikuwa kijana wa ndani. Nilipenda kusikia mvua juu ya bati nikiwa chini ya bati hilo. Nilipenda harufu ya chungu cha maharage kabla ya maharage yenyewe. Na hii kwa Mnyamwezi ni aibu kubwa, kwa sababu zamani sisi ndio tuliokuwa miguu ya nchi hii. Kijana hakuhesabiwa mwanamume mpaka abebe mzigo, aende pwani, aone maji ya chumvi, arudi asimulie. Shangazi hakuchoka kunikumbusha. Alisema babu zako walikwenda pwani kwa miguu na pembe begani, wewe unapewa treni, na kiti cha kukalia, unaumwa tumbo. Basi hapo ndipo lilipokuwa tatizo langu mwaka ule, na sioni haya kulisema wazi: wenzangu wote walisoma ili waondoke, mimi nilisoma ili nibaki.

Baba Stesheni akanipeleka kwa Mwalimu Mlekwa, Mmoraviani aliyestaafu kabla ya wakati wake kwa sababu ya kifua, akawa anafundisha marudio sebuleni kwake Itetemia. Kila alasiri nilitoka Ng'ambo kwa miguu nikishika ile njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizi ni vumbi tu na mashamba ya mihogo, na hapa na pale ukuta wa tembe uliobomoka umebaki kama jino la mzee. Jua lilikuwa zito, mbuzi wamesimama hawatafuni, na nyakati nyingine katika ule mvuke wa joto nilihisi natembea katikati ya watu wengi waliobeba mizigo, wote wananipita, wote wanakwenda upande nisioutaka. Sasa nikikumbuka sijui kama nilikuwa naota au nilikuwa na njaa. Sebule ya Mwalimu ilikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, tarumbeta la kanisa lililotundikwa msumarini, na ubao wa kufundishia ambao haukuwa ubao bali mlango: mlango mzima wa mninga aliouokota nyumba fulani ilipobomolewa, akaupaka weusi wa makaa ya betri, akauegemeza ukutani pamoja na bawaba zake. Mara ya kwanza kuuona niliusogelea nikitaka kuufungua. Ndivyo tulivyofahamiana.

Tulikuwa wanafunzi wawili tu. Mwenzangu aliitwa Leokadia, binti wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi zamani, wakulima wa tumbaku, Wakatoliki wa kwenda misa hata mvua inyeshe mawe. Alikuwa amepanga kwa ndugu zake Cheyo. Alitaka chuo cha ualimu, na baba yake alikwisha kumwambia kwamba ni mara ya mwisho. Asipofaulu, msimu ujao anamhitaji kwenye tumbaku. Alikaa wima kwenye kochi kama mtu aliye kanisani, na alikuwa na mkono mwepesi, aliandika jibu mimi nikiwa bado nachonga penseli. Mwalimu alimgombeza kwa wepesi huo zaidi ya alivyonigombeza mimi kwa uzito wangu. Alimwambia hatua unayoiruka ndimo nyoka alimolala.

Siku ya kwanza aliandika mlangoni 20 − 8 + 5, akatuambia tupige. Nikajisikia nimedharauliwa. Tangu shule ya msingi tulikaririshwa Magazijuto, neno ambalo kila mtoto wa nchi hii analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jumlisha imetangulia, toa imefuata. Basi nikajumlisha nane na tano nikapata kumi na tatu, nikatoa kwenye ishirini, nikaandika saba, nikapiga mstari chini yake mara mbili kama mtu anayefunga mzigo. Mwalimu akaitazama ile saba kwa huzuni. Akaniuliza kama nawafahamu wapagazi. Nikasema ndiyo, nyumbani nasimangwa nao kila siku. Akasema msafara umeondoka hapa na wapagazi ishirini. Walipofika Ugogo, wanane wakatoroka. Mbele kidogo wakaajiriwa watano. Pwani wamefika wangapi? Nikahesabu polepole, nikasema kumi na saba.

"Wewe umefikisha saba," akasema. "Hao kumi umewaua wapi?"

Leokadia akaficha uso kwenye kanga. Nami nikajitetea kwa Magazijuto, nikasema ndivyo tulivyofundishwa. Mwalimu akasema Magazijuto haina kosa, kosa ni kuidhani ngazi yenye vidato vitano, wakati ina vitatu tu. Mabano peke yake. Kugawanya na kuzidisha ni wa rika moja. Kujumlisha na kutoa nao ni wa rika moja, wanatembea msafara mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, hakuna wa kumruka mwenzake; anayetangulia njiani ndiye anayetangulia kufika. Alisema kosa hili ni la kwetu kabisa, tumelizaa wenyewe kwa kukariri vizuri mno, na kwamba angepata lile kosa peke yake akaling'oa Unyamwezi yote angekufa ameridhika. Tangu siku hiyo niliitwa Muuaji wa Wapagazi, jina ambalo lingedumu kama Bi Tatu asingekuwa na jina bora zaidi.

Bi Tatu alikuwa jirani wa Mwalimu, mke wa dereva wa treni, Mzaramo wa damu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, na mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka, hata matangani. Uzio uliotenganisha nyumba zao ulikuwa wa mabua, na Bi Tatu alipika upande wake, akasikiliza somo, akatia neno. Mwalimu akitaja wapagazi, yeye husema kwa sauti kwamba hao ndio tuliowabebesha mizigo yetu. Mwalimu bila kugeuka hujibu kwamba Wazaramo walikuwa wamelala muda wote, wanasubiri sisi tufike ndipo waamke kula. Bi Tatu aliposikia kutoka kwa shangazi kwamba nasoma ili nisipelekwe Dar, kwao, alicheka mpaka akaisahau chapati yake ikaungua. Kwao Uzaramo, alisema, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hatoki, hamwoni mtu, anaitwa mwali. Akasema hajapata kuona mwali mwenye ndevu. Basi nikawa Mwali, na mpaka leo wako wazee Itetemia wasiojua jina langu lingine.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa la kimya. Nikipewa 15 − (x − 3) = 10, nilifungua mabano vizuri, nikaandika kumi na tano kutoa x, kisha kutoa tatu. Ile hasi iliyosimama nje nilimpa wa kwanza tu, aliyekaa karibu na mlango. Wa ndani nikamwacha na alama yake ya zamani. Nilirudia kosa hilo wiki baada ya wiki, nikielezwa naelewa, nikiachwa peke yangu narudi kulekule, kama ng'ombe wa Ziba aliyeuzwa mnadani halafu akaonekana asubuhi zizini kwa mwenyewe. Siku moja Mwalimu akanituma niingie chumba cha ndani nimsalimie mama yake aliyekuja kutoka kijijini. Nikaingia, nikamwamkia yule bibi kizee shikamoo, akaniitikia marahaba, nikageuka kutoka. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye pazia. Akaniuliza mle ndani kulikuwa na watu wangapi. Nikakumbuka, kama mtu anayeamka, kwamba kwenye mkeka palikuwa pia na mama mmoja mnene na dada aliyekuwa anasuka, na sikuwatazama hata usoni.

"Unaona," akaniambia, wala hakuwa na hasira. "Si hesabu. Ni wewe. Unasalimia mtu mmoja mlangoni halafu unatafuta pa kukaa. Hasi ikipiga hodi kwenye mabano inampa mkono kila aliyemo."

Nikarudi ndani nikampa mkono yule mama, nikampa mkono yule dada. Nilipotoka nikaandika mlangoni kumi na tano kutoa x kujumlisha tatu, na x ikawa nane. Kutoka ng'ambo ya uzio Bi Tatu akasema kwa kweli Wanyamwezi wana ubahili hadi wa salamu. Tulipofika kwenye a na b zinazojumlishwa kisha zinajizidisha zenyewe, nikaleta a ya kipeo cha pili na b ya kipeo cha pili nikaishia hapo, ni yeye aliyenyanyua kichwa juu ya mabua akauliza wawili wakitembelewa na wawili salamu ni ngapi. Nne, akajibu mwenyewe. Wale wa katikati Mwali kawanyima tena. Sidhani kama alijua a ni nini wala b ni nini. Alijua wageni.

Baada ya somo mke wa Mwalimu alituletea michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa kisha vikachemshwa, pamoja na chai na kisahani cha asali. Tulikula, na nuru ya alasiri iliingia kupitia dirishani ikapanda juu ya ule mlango mweusi mpaka chaki ikawa kama imeandikwa kwa unga wa dhahabu. Treni ya kutoka Kigoma ililia mbali. Leokadia alikuwa akigeuza uso kila iliposikika, mimi nilikuwa nikishika kikombe kwa mikono miwili. Njiani tulirudi pamoja hadi njia panda ya Cheyo. Aliniuliza maswali niliyoona ya ajabu, kama naweza kuwaza bahari, kama chuoni wanalala wangapi chumba kimoja. Nami nilimweleza jinsi shangazi anavyounga mlenda. Alisikiliza kwa makini. Hata sasa sijui alisikiliza mlenda au alinisikiliza mimi, na umri huu si wa kwenda kuuliza.

Kulikuwa na kitu kimoja tu nilichofanya vizuri kuliko Leokadia. Mwalimu alikuwa na sheria kwamba jibu lolote lazima lirudishwe nyumbani kwake. Ukisema x ni nane, ichukue hiyo nane uipeleke pale x ilipokuwa imekaa mwanzoni, uone kama wenyeji wanamtambua au wanamkana. Leokadia aliona huko ni kupoteza muda. Akishapata jibu alikwisha kuondoka kwenda swali linalofuata. Mimi kurudi nyumbani sikuhitaji kufundishwa. Nilirudisha kila jibu kwa raha, polepole, nikifuta viatu mlangoni. Mwalimu alisema kila mtu ana kilema kinachomfaa mahali fulani, na changu kimepata mahali pake. Na Leokadia, kwa kunionea wivu kidogo, akaanza naye kurudisha.

Siku ya mtihani shangazi alinikaangia mayai mawili, nikaacha moja na nusu. Chumba cha mtihani kilikuwa na harufu ya wino na vumbi la dari, na madirisha yake yalitazama relini, jambo ambalo nililiona kama vitisho. Nilikwenda vizuri, kisha nikafika kwenye 20 − 2(x − 3) = 12. Nikapiga haraka, kwa sababu wenzangu walikuwa wanafunua kurasa, na jibu likatoka moja. Ilikuwa moja nzuri, haina kelele. Nikaanza kuondoka. Kisha nikasikia kwa ndani hodi, nikairudisha ile moja nyumbani kwake, na wenyeji wakatoa ishirini na nne mahali pa kumi na mbili. Walimkana kabisa. Msimamizi akatangaza kwamba muda unakaribia kwisha. Nikatazama treni ya mizigo iliyokuwa imesimama kule nje, nikajiona juu yake na furushi la mitumba. Nikarudi mlangoni kwa mabano, na hapo nikamwona, amekaa kwenye mkeka kama yule dada aliyekuwa anasuka, tatu wangu, niliyempita tena bila kumpa mkono. Nikampa. Ishirini kutoa x mbili, kujumlisha sita. Ikatoka saba, nikairudisha, wakamkaribisha. Nikaweka kalamu chini kwa unyenyekevu wa mtu aliyesamehewa.

Nilipata D, ambayo kwa cheti ni kufaulu na kwa shangazi ilikuwa sababu ya kuchinja jogoo. Leokadia alipata B. Nikaingia kazini stesheni, kwenye kidirisha chenye nondo, nikiwa na kofia iliyonizidi kichwa, na nilikuwa sijazoea hata kukalia kile kigoda aliposimama mbele yangu akiwa na sanduku la bati na shangazi zake wawili. Anakwenda Morogoro, chuoni. Nikamkatia tiketi mimi mwenyewe. Nilihakiki herufi za jina lake zaidi ya inavyotakiwa. Akaipokea, akainama kidogo ili anione chini ya kofia, akaniuliza, "Na wewe unakata ya lini?" Nikasema bado naangalia. Nyuma yake foleni ikaguna.

Nilifanya kazi pale hadi nilipostaafu. Nimewakatia watu tiketi za kila mahali reli inapofika, na mwenyewe sijavuka Manyoni. Mke wangu huwaambia watu kwamba mimi ni kama mlango, wote wanapita, wenyewe hauondoki.

Basi kesho yake nikavaa kofia nikaenda Itetemia. Uani wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, matarumbeta ya kanisa yakipiga taratibu, nami nikaingia sebuleni kuwapa pole wafiwa. Makochi yalikuwa yametolewa, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, kina mama wamejaa. Ule mlango mweusi bado umeegemea pale pale, na mtu alikuwa ameufuta vizuri. Nikamshika mkono mjane wa Mwalimu, nikasema maneno yanayosemwa, nikageuka haraka kutafuta pa kutokea. Kizingitini alikuwa amekaa Bi Tatu, amekuwa mdogo kama mtoto, amevaa koti la Mwalimu lililomfika miguuni, kipande cha chaki nyuma ya sikio, kama mtani anavyopaswa. Akanyoosha fimbo kuniziba njia.

"Mwali," akasema, "hayo ni mabano."

Kina mama wakacheka, hata mjane. Nikarudi. Nilikwenda mkeka kwa mkeka nikipeana mikono, shikamoo, pole, pole mama, shikamoo, magoti yakilia kila nilipoinama, mpaka kwenye kona ya mwisho chini ya msumari wa tarumbeta. Mkono wa mwisho ulikuwa wa mwanamke mwenye mvi na miwani, aliyekaa wima kama yuko kanisani. Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa ili anione chini ya kofia.

"Nilikuwa najiuliza utanifikia, au utakaa kabla," Leokadia akasema.

"Ningekaa," nikamwambia.

Akacheka bila sauti. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na sasa amestaafu; amekuja kwa treni. Akaniuliza kama nimeshakata ile tiketi. Nikasema bado naangalia. Hakuniachia mkono mara moja, nami sikuuvuta, mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa.

Wakati wa kutoa jeneza ulipofika, Bi Tatu akalala kizingitini kwa urefu wake wote mdogo, akasema mwili hautoki mpaka wapagazi wahesabiwe: wameondoka ishirini, wametoroka wanane, wameajiriwa watano. Kijana mmoja wa matarumbeta akasema saba. Bi Tatu akamwambia umeua kumi, humu humu nyumbani kwa Mwalimu. Kisha kutoka mabenchini, kutoka mikekani, kutoka nyuma ya uzio wa mabua, wanafunzi wake wa miaka yote tukasema kumi na saba kwa sauti moja, wengine wakilia. Bi Tatu akanyanyuliwa, akajipangusa vumbi, akapisha.

Tukashika ile njia ya zamani kuelekea makaburini. Njia pale ni nyembamba kati ya mihogo, kwa hiyo ilibidi twende mmoja mmoja, mstari mrefu, na vumbi likapanda, na kwa mbali mbele jeneza lilikuwa likiyumba juu ya mabega ya watu. Mimi nilikuwa mkiani, Leokadia mbele yangu. Joto lilikuwa lile lile. Nilitaka mara moja kumpita mtu, nikajizuia. Hakuna aliyemruka mwenzake. Mwalimu alikuwa ametangulia njiani.